Ukoko Mweupe

Leteni. Leo nimefungua mapema.
Birika la umeme la Kwamboka, rangi ya damu ya mzee,
lililonunuliwa Kamukunji siku ya kuhamia,
sasa lalia kama kayamba ukilitikisa.
Pasi ya mwalimu Barasa, inayotema unga
juu ya shati jeusi la mazishi.
Hita ya bafu, nyumba namba kumi na tatu:
koili imevaa koti jeupe, zito,
hadi imesahau kazi yake ni moto.

Nashika bisibisi, nalegeza skrubu nne,
sina haja ya kuuliza mnakaa wapi.
Ploti hizi zote za Utawala, kutoka lami hadi bondeni,
zanywa kisima kimoja,
na kisima hicho alikichimba baba yangu.

Mita mia mbili na arubaini. Nilikuwa darasa la sita.
Mashine ilinguruma siku tisa,
mama akauza ng'ombe wa mwisho kule Kangundo,
na siku ya kumi yakapanda matope,
kisha matope yakawa mepesi, yakawa maji,
vigelegele, mitungi ya njano ikapangwa foleni hadi barabarani.
Baba aliyakinga kwa kofia yake.
Akanywa. Akanyamaza kidogo.
Akasema, "Ni maji."
Hakusema ni matamu.

Tukajifunza polepole.
Sabuni yakataa povu, yabaki utando wa kijivu begani.
Maharagwe yachemka toka saa nane hadi taarifa ya habari
na bado yagonga sufuria kama kokoto.
Glasi yatoka kuoshwa ikiwa na mtoto wa jicho.
Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakuiona haba na haba ikiziba bomba.

Mimi jiwe hili nalijua tabia.
Kwanza siki, nusu kikombe, na subira;
kisha ndimu zilizolala sokoni, za bei ya kutupa.
Chemsha. Sikiliza: jiwe laanza kunong'ona,
latoa povu (lile lile sabuni ililolikosa!)
na ukoko wabanduka vipande vipande
kama ganda la yai lililoiva vizuri.
Shilingi mia mbili. Mia na hamsini kwa mjane.
Baba alichimba, mimi nakwangua.
Nala kwa kosa la maji yake,
na kosa hilo limenisomeshea watoto wawili.

Juma lililopita nilishusha birika lake mwenyewe,
la alumini, la jiko la makaa,
lililokaa rafuni tangu tumzike.
Nikaona haya: nimewasafishia wote, yeye bado.
Ndani hamkuwa birika tena, mlikuwa pango,
tabaka juu ya tabaka, nyeupe na hudhurungi.
Hapa mwaka wa kuvuta umeme.
Hapa kesi ya mpaka na jirani.
Hapa, nyembamba, miezi ambayo mama alilazwa
na mzee akasahau kunywa chai.

Nikamimina siki. Nikangoja. Nikakwangua
mpaka uso wangu ukaniangalia kutoka kitakoni.

Nikalijaza maji. Likavuja.
Mahali saba, nyuzi saba, kama udenda wa mtoto.
Alumini ilikuwa imekufa zamani;
lile jiwe ndilo lililokuwa limeishika chai
miaka yote ile, bila kumwambia mtu.

Nilisimama pale, viatu vimelowa,
nikiwa na kisu mkononi
na baba yangu, unga mweupe, katika karai.

Haya, Kwamboka, lako hili hapa, tayari.
Nimeacha ukoko kidogo pembeni, karibu na mdomo.
Si uvivu.
Lipa mia moja tu, uende ukapike chai.